Milango Saba: Utafiti wa Walimu wa Vyuo vya Jamii na Funzo Lake Kwetu



Neno chuo katika Pwani yetu ni kongwe kuliko neno shule. Mtoto alipelekwa chuoni kujifunza alifu kabla hajajua kalamu ya wino ni nini, na mwalimu wa chuoni alikuwa mtu wa mtaa: akimjua mama wa kila mwanafunzi, akijua nani hakuonekana leo na kwa sababu gani. Siku hizi neno hilo limepanda cheo. Tukisikia chuo twawaza chuo kikuu, na tukisikia utafiti twawaza maabara, majoho na maprofesa wa mbali. Kwa hivyo wengi wetu tunaamini kwamba mwalimu wa chuo kidogo, mwenye madarasa mengi na mshahara mdogo, kazi yake ni kufikisha aliyoyapokea kwa waliomtangulia, wala hana lake la kuongeza katika elimu.

Wiki hii twataka kusimulia habari inayokwenda kinyume na imani hiyo. Ni habari ya walimu wawili wa vyuo vya jamii huko California, Marekani, ambao walichukua madaftari ya mahudhurio na alama, yaani vitu ambavyo kila mwalimu anavyo, wakayauliza swali moja, na jibu lake likafika mpaka kwenye sheria ya jimbo. Tunaisimulia kwa sababu swali lenyewe linatuhusu sana sisi wenye madrasa, wenye vyuo vya ufundi na wenye watoto.

Vyuo vya jamii ni vipi?

Chuo cha kwanza cha aina hii kinachodumu mpaka leo kilianzishwa mwaka 1901 katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois. Jina la chuo cha jamii lilienea baada ya mwaka 1947, pale tume iliyoundwa na Rais Harry Truman ilipopendekeza kila eneo liwe na chuo cha karibu, cha bei nafuu, kisichomfungia mlango mtu yeyote anayetaka kusoma. Masomo yake ni ya miaka miwili. Anayetaka ufundi hutoka na cheti chake akaenda kazini. Anayetaka shahada huhamia chuo kikuu akamalizia miaka iliyobaki. California peke yake ina vyuo hivi zaidi ya 100, na wanafunzi wake ni takriban milioni 2. Humo utamkuta kijana aliyemaliza sekondari juzi, mama mwenye watoto watatu, mhamiaji anayejifunza lugha, na mzee aliyeachishwa kazi kiwandani.

Mwalimu wa chuo cha jamii huajiriwa kufundisha. Kwa kawaida hubeba madarasa matano kila muhula, na aghalabu hakuna anayemdai kuandika vitabu wala kuchapisha makala za kitaalamu. Hii ndiyo sababu, kwa muda mrefu, wakubwa wa elimu waliwaona walimu hawa kuwa si watafiti. Mwaka 1990 mwanazuoni Ernest Boyer aliandika kitabu kilichopinga fikra hiyo. Alisema usomi una sura nne: kugundua jambo jipya, kuunganisha elimu zilizotengana, kuitumia elimu kutatua shida za watu, na kuichunguza kazi yenyewe ya kufundisha. Sura hii ya nne ndiyo iliyowafungulia walimu wa vyuo vidogo uwanja wao. Maana nani anaijua kazi ya kufundisha wanyonge kuliko yule anayeifanya kila siku?

Hesabu ya milango saba

Myra Snell alikuwa mwalimu wa hisabati katika chuo cha Los Medanos, mji wa Pittsburg, mashariki ya ghuba ya San Francisco. Katie Hern alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha Chabot, mji wa Hayward, si mbali na hapo. Wote wawili waliishi na tatizo moja. Mwanafunzi alipofika chuoni alipewa mtihani wa kumpangia darasa. Aliyefanya vibaya hakuruhusiwa kuingia darasa la chuo lenyewe. Alirudishwa kwenye masomo ya matayarisho, ambayo yalilipiwa na yalichukua muhula mzima lakini hayakuhesabiwa katika shahada. Katika hisabati ngazi hizi za matayarisho ziliweza kufika nne: hesabu za kawaida, utangulizi wa aljebra, aljebra ya kwanza, kisha aljebra ya pili. Mtu angeweza kukaa chuoni miaka miwili asiguse hata somo moja la hisabati la chuo.

Nia ya mpango huo ilikuwa njema. Ilidhaniwa kwamba mwanafunzi dhaifu akipandishwa ngazi moja moja, polepole, atafika. Snell na Hern walitaka kujua: je, hufika?

Tuwaeleze wasomaji wetu hesabu yao kwa mfano wetu wenyewe. Chukua wanafunzi 100 waliowekwa ngazi tatu chini ya darasa la chuo. Tuseme katika kila darasa wanafaulu robo tatu, jambo ambalo mwalimu yeyote atalionea fahari. Na tuseme kati ya kila 100 waliofaulu, 80 hurudi muhula unaofuata na 20 hawarudi, kwa sababu ya kazi, ugonjwa, nauli, ndoa au kuchoka tu.

Katika ngazi ya kwanza wanafaulu 75. Wanaojiandikisha ngazi ya pili ni 60. Wanaofaulu hapo ni 45. Wanaorudi kwa ngazi ya tatu ni 36. Wanaofaulu ni 27. Wanaoingia darasa la chuo lenyewe ni kama 22. Wanaolifaulu ni 16.

Kumi na sita katika mia. Na tazama, ndugu msomaji: katika hesabu hii hakuna mwalimu mbaya. Kila mmoja, ukimwuliza, atasema robo tatu ya wanafunzi wangu walifaulu, na atakuwa amesema kweli. Hasara haimo ndani ya darasa la mtu yeyote. Imo katika wingi wa milango. Tumehesabu milango saba: minne ya kufaulu na mitatu ya kurudi. Hata tungefanya muujiza, tukawavusha 90 kati ya 100 katika kila mlango, milango saba ingetubakizia 48 tu. Ukitaka kuwaokoa wale waliobaki njiani, kumkemea mwalimu aongeze bidii hakutoshi. Itabidi upunguze milango.

Hesabu hii mtoto wa darasa la sita anaiweza. Ajabu yake ni kwamba haikuwa kawaida kuifanya, kwa sababu kila mwalimu aliliangalia daftari lake bila kuyaweka madaftari yote pamoja. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya 250,000 katika vyuo 57 vya jamii, katika majimbo saba. Waliona kwamba kati ya kila wanafunzi 100 waliopangiwa masomo ya matayarisho ya hisabati, waliomaliza ngazi zao ni 33. Katika kusoma ni 46. Na karibu 30 kati ya 100 hawakujiandikisha hata katika darasa la kwanza. Lililo zito zaidi ni kwamba walioacha bila kuonekana tena darasani walikuwa wengi kuliko walioanguka mtihani.

Kutoka daftarini hadi kwenye sheria

Walimu wetu wawili hawakuishia kulalamika. Chuoni Chabot kulikuwa tayari na njia mbili za Kiingereza: moja ya mihula miwili, na nyingine ya muhula mmoja, iliyounganisha kusoma, kufikiri na kuandika. Hern alizilinganisha, akakuta waliopita njia fupi walifika na kulifaulu darasa la chuo kwa wingi zaidi kuliko waliopita njia ndefu. Huko Los Medanos, mwaka 2009, Snell alianzisha somo la muhula mmoja la kumtayarisha mtu kwa takwimu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: anayetaka kuwa muuguzi, mwalimu au mtumishi wa ustawi wa jamii atahitaji kuelewa takwimu maisha yake yote, ilhali ile aljebra ya pili ataiacha mlangoni siku ya mwisho ya mtihani. Basi kwa nini tumzuie kwa kitu asichokihitaji?

Mwaka 2010 wawili hawa walianzisha mradi wa kuwafundisha walimu wenzao wa jimbo zima namna ya kuunda masomo mafupi kama hayo. Haukuwa mradi wa kuwalegezea wanafunzi. Walisisitiza kwamba mwanafunzi dhaifu apewe kazi ya kweli tangu siku ya kwanza: asome kitabu kizima badala ya kujaza nafasi katika sentensi, achambue takwimu za maisha halisi badala ya kurudia kanuni asizojua zinakwenda wapi, na pembeni awepo mwalimu wa kumsaidia pale anapokwama. Watafiti wengine walikuja kuupima mradi huo katika vyuo 16, wakakuta kwamba wanafunzi wa njia fupi walimaliza darasa la chuo kwa wingi zaidi.

Mwaka 2017 jimbo la California lilipitisha sheria. Vyuo vya jamii vilitakiwa kumweka mwanafunzi mahali patakapompa nafasi kubwa zaidi ya kuingia na kumaliza somo la chuo la Kiingereza na la hisabati ndani ya mwaka mmoja, na kuangalia rekodi yake ya sekondari katika kumpangia darasa. Ule mtihani wa asubuhi moja, uliokuwa ukiamua miaka ya mtu, ukaondolewa kitini.

Haki yatutaka tuseme pia yaliyosemwa upande wa pili. Walimu wengi waliogopa kwamba wanyonge watatupwa kwenye kina kirefu kabla ya kujua kuogelea. Na kweli, baada ya sheria hiyo, sehemu ya wanaofaulu ndani ya darasa moja moja ilishuka, kwa kuwa sasa wameingia watu ambao zamani hawakufikishwa hapo. Lakini idadi ya waliomaliza somo la chuo katika muda mfupi iliongezeka sana. Hapo ndipo palipo mgogoro mpaka leo: mmoja huhesabu wangapi wameanguka katika darasa lake, na mwingine huhesabu wangapi wamefika mwisho wa safari. Sisi twaona wote wawili wahesabiwe, kwa sababu anayeanguka naye ni mja mwenye haki ya kushikwa mkono.

Je, hili lapingana na mafundisho ya wazee wetu?

Msomaji aliyesoma madrasa atauliza swali la haki: je, sisi hatukulelewa katika kupanda hatua kwa hatua? Je, mwanafunzi hatoki alifu kwenda juzuu, na kutoka juzuu kwenda msahafu?

Jibu tulitafute kwa Ibn Khaldun, katika utangulizi wake mashuhuri wa historia, Muqaddimah, alioutunga mwaka 1377. Yeye alikuwa mwalimu pia, na alifundisha Kairo katika uzee wake. Katika mlango wa elimu alieleza kwamba mafundisho huwa na manufaa yakiwa ya hatua kwa hatua. Lakini tuangalie hatua alizozikusudia. Mwalimu humpitisha mwanafunzi katika fani nzima kwa ujumla. Kisha humrudisha mwanzo na kumpitisha tena kwa ufafanuzi zaidi na khitilafu za maulamaa. Kisha mara ya tatu, asimwachie fumbo lolote. Ni safari tatu za njia ileile, na kila mara mwanafunzi anauona mwisho wa njia. Si kufungiwa nje ya nyumba mpaka utakapomaliza kuusifu mlango. Na aliongeza kwamba wako wanafunzi wasiohitaji mara zote tatu.

Zaidi ya hayo, alionya jambo ambalo Snell na Hern walilikuta kwa hesabu baada ya zaidi ya karne sita: usirefushe masomo ya fani moja kwa kuyakatakata na kuweka mapengo baina ya vikao, kwa maana mapengo huleta usahaulifu na hukata kamba inayoshikanisha masuala. Pengo baina ya kikao na kikao, pengo baina ya muhula na muhula: ni mlango uleule ambao watu hupotelea.

Kijana aliyepangiwa chini

Habari za milango hazikuanza Marekani. Mji wetu wa Mombasa una kisa chake. Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933, mtoto wa Kadhi Mkuu Sheikh Al-Amin bin Ali, alifanya mtihani wa Cambridge wa sekondari akapata daraja la chini lisilomfikisha Makerere. Lau mambo yangeishia hapo, mtihani mmoja ungekuwa umesema neno la mwisho. Aliajiriwa karani katika chuo ambacho wazee wetu wanakikumbuka kwa jina la MIOME, kilichojengwa Tudor kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamaa wa Kibohora na serikali ya wakati ule, ili kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Humo ndani hotuba yake ya Maulidi ilisikiwa na Gavana Philip Mitchell, na njia ikafunguka ya kwenda kusoma Huddersfield, Uingereza. Kutoka hapo alifika Manchester, Columbia na Oxford, na Makerere ileile iliyokuwa juu ya uwezo wa alama zake ikampokea kuwa profesa.

MIOME nayo ilipita majina kadhaa, ikawa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na mwaka 2013 ikapata hadhi ya chuo kikuu, hichi tukijuacho leo kuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Tunajivunia kupanda huko. Lakini tukumbuke kwamba nyota ya kijana yule ilionekana kwa sababu palikuwa na mahali pa mtu aliyepangiwa chini, na palikuwa na sikio la kumsikiliza. Kwa kila mmoja aliyesikiwa, hatuna hesabu ya wangapi hawakusikiwa.

Daftari letu

Hapa ndipo tunapotaka kuwafikisha wasomaji wetu. Kila mwaka katika madrasa zetu hufanyika hafla ya kuhitimu. Watoto huvishwa kanzu nyeupe na mabuibui mapya, wageni hualikwa, na mwalimu husimama kutaja idadi ya waliohitimu. Wazazi hulia kwa furaha, na ni haki yao. Lakini ni mara chache mno mtu huuliza: kundi hili lilipoanza alifu lilikuwa na watoto wangapi? Wale wengine wako wapi, na walitokea mlango gani?

Kila mwalimu anaweza kuwa mtafiti wa swali hilo. Hahitaji shahada wala ruzuku. Anahitaji daftari lenye safu nne: jina la mtoto, hatua aliyofika, siku ya mwisho kuonekana, na sababu aliyoipata kwa kwenda nyumbani kuuliza. Kisha, na hili ndilo la lazima, walimu wa ngazi zote za madrasa moja wakae pamoja mara moja kwa mwaka wayaweke madaftari juu ya mkeka mmoja. Wahesabu waliorudi baada ya likizo ya Ramadhani. Wahesabu waliorudi pale mwalimu alipobadilishwa. Wahesabu wasichana peke yao na wavulana peke yao. Baada ya miaka miwili watajua mlango wao mbaya uko wapi, na watajua kama dawa yake ni kuuziba au kuupanua.

Kamati za madrasa nazo zina wajibu. Zikimwuliza mwalimu idadi ya waliohitimu tu, atazipa idadi hiyo. Zimwulize pia waliopotea, na zimwulize kwa upole, ili asione kwamba ukweli utamgharimu kazi. Hesabu iliyoandikwa kwa hofu haina faida kwa mtu.

Wakuu wa vyuo vyetu vya ufundi, wapokeao vijana ambao hawakuifikia C+ ya kuingilia shahada, twawaomba wawape walimu wao nafasi ya kuchunguza. Mwalimu wa umeme au wa upishi anayeandika kwa nini wanafunzi wake huacha muhula wa pili anafanya usomi wa kweli, hata asipochapishwa popote. Akiona ni karo, ajue ni karo kiasi gani. Akiona ni nauli ya matatu, aandike. Akiona ni somo moja linalowakwaza wote, aulize somo hilo linamfaa nani katika kazi wanayokwenda kuifanya.

Na nyinyi wazazi wenzetu, mtoto akija na karatasi ya matokeo yasiyopendeza, msiisome kama hukumu ya kadhi. Karatasi hiyo yaeleza asubuhi chache za maisha yake. Mtafutieni mlango ulio karibu, kisha kila muhula ukianza hakikisheni amerudi darasani, kwa maana tumeona kwamba wengi wanaopotea hawakuanguka mtihani. Walikosa mtu wa kuwauliza mbona hawakurudi.

Twamwomba Mola awape walimu wetu subira ya kuhesabu, na atupe sisi ujasiri wa kuisoma hesabu yao. Amin.